Trekta Mbili za Mama

Enzi zetu, nanyi mliokulia Nyakabanda ya Kigali mtanishuhudia, kitu kikiharibika hakikutupwa. Kiatu kilishonwa mpaka kikabaki uzi mtupu. Sufuria ilizibwa, ikavuja, ikazibwa tena. Mpira tuliusokota kwa majani makavu ya migomba na kamba, na ukifumuka katikati ya mchezo golikipa ndiye aliyeufunga, huku sisi wengine tukigombana kuhusu bao. Leo mwanangu Hemedi, simu yake ikipata ufa mwembamba, anakaa kitandani kama aliyefiwa na kuniambia, "Mama, hii basi, haitengenezeki." Namtazama tu. Nimelelewa na mwanamke ambaye neno hilo lilimkera kuliko tusi.

Nyumba yetu ilikuwa upande wa chini, kule ambako mvua ya masika iligeuza njia kuwa mfereji mwekundu. Asubuhi kulinukia moshi wa mkaa na mandazi ya Mama Asha, jirani yetu. Shuleni tulisoma kwa Kinyarwanda na Kifaransa, nyumbani tuliongea Kiswahili, na mwalimu aliyetusikia tukikiongea uwanjani alituita watoto wa sokoni. Hatukujali. Mchana tulikata vigogo vya migomba, tukavikalia na kuteleza mteremko mzima mpaka bondeni, na jioni tukachapwa kwa sababu ya nguo zilizotoboka nyuma. Kaka yangu Sudi, aliyenitangulia kwa mwaka na kitu, alikuwa bingwa wa kuteleza akiwa amesimama. Mimi, Zaituni, nilikuwa bingwa wa kumshitaki kwa Mama.

Lakini kilichotufanya tujione watu wazito mbele ya watoto wengine ni trekta. Si trekta ya kulimia, msije mkanicheka. Ilikuwa trekta ndogo ya bustani, ya kukatia majani, nyekundu, yenye kiti kimoja na visu chini ya tumbo. Baba aliachiwa na mzungu mmoja wa Kiyovu aliyekuwa anarudi kwao. Kila asubuhi alipanda nayo kutoka Nyakabanda, akapita Nyamirambo, akavuka mjini mpaka Kiyovu, akakata majani ya nyumba za mabalozi na wakubwa, na jioni akarudi ananukia majani mabichi na petroli. Mpaka leo harufu hizo mbili zikikutana puani mwangu, nageuka kumtafuta.

Baba alifariki kwa maradhi mwaka wa tisini na moja. Mama akakaa eda, ndani, na kanga zake nyeupe. Eda ilipokwisha aliamka, akaoga, akafunga kanga mbili kiunoni, akapanda kwenye kiti cha Baba na kuwasha. Alikuwa amejifunza kwa kutazama, zile siku za kumpelekea Baba chakula Kiyovu na kumngoja amalize. Mtaa mzima ulitoka nje. Mwanamke wa Kiislamu juu ya trekta, kanga inapepea, anaitikia salamu kushoto na kulia kana kwamba amefanya hivyo tangu azaliwe! Wanaume waliokaa kwenye benchi la kinyozi waliacha mazungumzo yao mpaka alipopotea juu ya kilima.

Sasa, kwetu sisi kulikuwa na desturi, na wengi wenu mnaijua. Mume akifa, ukoo wake unakaa. Wanaangalia mjane na watoto, na kama mjane hana njia, watoto wanagawanywa kwa ndugu. Hawafanyi kwa ubaya, wanafanya ili watoto wale. Baba mdogo Yusufu, mdogo wake Baba, ndiye aliyekuwa msemaji. Alikuwa na mpango tayari: Sudi aende Kigoma kwa babu, mimi niende Bujumbura kwa shangazi. Mama aliomba apewe muda. Wakakubaliana kwamba watamtazama mpaka Iddi, na kama trekta inawalisha watoto, basi watoto ni wake. Mimi na Sudi tulisikia yote kwa sababu tulikuwa nyuma ya mlango. Usiku ule Sudi, ambaye hakuwahi kunipa hata ganda la muwa, alinipa nusu ya blanketi yake bila kuombwa.

Baba mdogo hakuwa mtu mbaya, Mungu amrehemu. Alikuwa dereva wa taksi kati ya Nyamirambo na mjini, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Mnakumbuka petroli ilivyokuwa miaka ile. Vita vilifunga njia ya kaskazini, na kila tone lilihesabika. Kigali yote ni vilima, kwa hiyo kila dereva alifanya jambo moja: akifika juu ya mteremko anatoa gia, anazima injini, anaiacha gari ijiteremkie yenyewe kimya kimya mpaka bondeni, kisha anatia gia ghafla na injini inawaka. Abiria tulizoea. Ukisikia ukimya ndani ya taksi ulijua tunashuka. Baba mdogo alikuwa fundi wa jambo hilo, na alijivunia.

Basi siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani alikutana na Mama Kiyovu akifunga kazi. Akamwambia, "Shemeji, umechoka. Leta nikurudishie, uone dereva anavyoendesha." Mama hakutaka, lakini shemeji ni shemeji. Akateremka, akatembea nyuma yake. Walipofika juu ya mteremko wetu Baba mdogo akafanya kile mkono wake ulichozoea. Akatoa gia, akazima. Trekta ikashuka. Sisi watoto tukakimbia pembeni tukishangilia, maana hatujawahi kuiona inakimbia hivyo. Mbele yake mbuzi wa watu wakavuka njia. Breki za trekta ile zilikuwa za kutembelea bustanini, si za Nyakabanda. Akakanyaga, haikusikia, akashika mkono wa gia na kuusukuma kwa nguvu.

Gia za trekta ya bustani hutiwa ikiwa imesimama. Baba alikuwa akituambia hivyo kila siku, na Baba mdogo hakuwahi kuuliza. Ulitoka mlio kama sahani za chuma zinazomwagwa ngazini. Trekta ikasimama kwenye ua wa Mama Asha, mbuzi wote wazima. Baba mdogo akashuka, akajipangusa suruali, akasema, "Chuma kimezeeka hiki, shemeji." Kisha, bila kumtazama Mama usoni, "Pengine ni dalili. Iddi ikipita tukae, tuwagawane hawa watoto."

Mama hakumwambia kwamba ni yeye aliyeivunja. Si siku ile, wala siku nyingine yoyote niliyoisikia. Alisema tu, "Iddi bado." Akatuita tusukume.

Nyuma ya nyumba aliifungua gia boksi kwa spana za Baba, nasi tukashika taa na kopo la nati. Ndani ya grisi mlikuwa na meno ya chuma yaliyokatika, kama punje za mahindi. Gia mbili zilikuwa zimekatika meno, na ile difu, yaani fungu la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma, ilikuwa imepasuka. Fundi wa gereji ya Nyamirambo alikuja, akainama, akatikisa kichwa. Spea za mashine hii zinatoka ng'ambo, alisema, na ng'ambo siku hizi ni mbali. Mama akamshukuru, akampa chai, na alipoondoka akakaa kwenye kigoda akaangalia vile vipande muda mrefu. Halafu akasema, "Kuna nyingine."

Ilikuwepo nyingine kweli. Kiyovu, nyuma ya jiko la Madamu mmoja mzungu aliyekuwa mteja wetu, kulikuwa na trekta ya kampuni ileile, lakini ya zamani zaidi, kaka mkubwa wa yetu. Injini yake ilikufa, matairi yakaoza, na nyasi zikaota katikati ya kiti. Mlinzi wa pale, Anastazi, alituonyesha huku anacheka. "Mama Sudi, iyi masini iko hapa tangu mimi nafika. Kuku ndiyo iko narara ndani." Mama akamwambia amuulize Madamu. Anastazi akaingia, akarudi. "Anasema chukua unachotaka. Ariko utamukatia rugo yote kwa mkono, mpaka mwezi uishe." Ua ule wa miti, hiyo rugo yake, ulizunguka kiwanja kizima. Mama alikuwa amefunga, jua la Ramadhani lilikuwa kichwani. Akasema, "Yego," yaani ndiyo, akaomba makasi.

Kwa hiyo mwezi ule Mama alikata ua wa Madamu kwa mkono asubuhi, na majani ya wateja wengine kwa kwanja, ili wasitafute mtu mwingine. Masika yalikuwa yameanza na majani yaliota kama yamelipwa kumkomoa. Viganja vyake vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakakauka. Sisi tulitoka shule, tukaenda Kiyovu na toroli ya kuazima, tukapakia gia boksi ya ile ya zamani, pamoja na ekseli yake na kinyesi chake cha kuku, tukaisukuma kuvuka mji. Mlima wa kupanda tulisukuma wote wawili. Wa kushuka tulivutwa. Kila mpita njia alitaka kujua ni nini, na Sudi alijibu kila mmoja kwa sauti ya mwenye mali, "Bwate ya trekta ya Mama," maana mafundi wa kwetu gia boksi waliiita bwate, kwa Kifaransa.

Tulidhani ni kufungua moja na kufunga nyingine mahali pake. Utoto! Mtu na kaka yake wanafanana uso, lakini vaa kiatu chake uone. Gia boksi ya zamani ilikuwa ya chuma kizito, yetu ya bati jepesi. Matundu ya bolti hayakukutana na fremu. Mkono wa gia wa zamani ulitokea ubavuni, wetu ulitokea katikati ya miguu ya dereva. Ekseli ya zamani ilikuwa nene kuliko tundu la magurudumu yetu. Sudi alipiga teke toroli, akaumia kidole, akakaa chini. Alisema lile neno, kwamba haitengenezeki. Mama akamgeukia taratibu. "Unataka kwenda Kigoma?" Sudi akatikisa kichwa. "Basi shika spana."

Kama nyumba haiingii, alisema Mama, tutahamisha watu: gia za kaka ziingie kwenye ganda la mdogo. Tukafungua zote mbili mpaka mwisho. Alitaka kila kipande kijulikane ni cha nani, naye hakuwa na meza. Akaazima masinia mawili makubwa kwa Mama Asha, yale ya kulia pilau, akayaweka ukumbini. Sinia la kushoto la mdogo, sinia la kulia la mkubwa. Kazi ya kupanga ilikuwa yangu. Nilipanga kila gia kwa mfuatano ilivyotoka, kila washa, kile kipete chembamba cha kukaa kati ya gia na gia, karibu na gia yake, nikajisikia kama mimi ndiye ninayeijua siri ya mashine. Mama alipima kwa uzi: shafti zote mbili zilikuwa na unene mmoja, meno ya ndani idadi moja. Gia za kaka mkubwa ziliingia kwenye shafti yetu. Difu yake pia iliingia. Tatizo lilikuwa upana, gia za zamani zilikuwa nene kidogo, na kifuniko hakikufunga. Mama akatoa washa za chuma, na badala yake akakata nyingine nyembamba kutoka kopo la maziwa ya unga. Alizikata kwa makasi ya kushonea, ulimi umetoka nje pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika.

Sasa jamani, masinia ya watu wakati wa Ramadhani. Mama Asha alipata wageni wa kufuturu bila taarifa. Alikuja, hakutukuta, akaona masinia yake, na kwa adabu zake zote akamwaga vipande vya sinia moja juu ya mkeka, kisha vya sinia la pili juu ya vile vya kwanza. Na si hivyo tu. Tuliporudi tulimkuta ndiyo anamaliza kuvifuta kwa kitambaa, kimoja kimoja, vinang'aa. "Nimekusafishia na hivi vyuma vyako, Mama Sudi. Vilikuwa vichafu kweli." Grisi nyeusi ya zamani na grisi ya kahawia ya yetu ndiyo ilikuwa alama yetu ya mwisho, nayo ilikuwa kwenye kitambaa chake. Nilianza kulia. Mama akanibana bega na kusema, "Ahsante sana, Mama Asha. Futari njema." Huwezi kumgombeza jirani ambaye umemtia grisi kwenye sinia la pilau.

Tulianza upya. Gia tukazitenga kwa unene, tukipitisha kucha ukingoni. Hiyo ilitula siku nzima. Difu tukaipachika kama Sudi alivyokumbuka ilivyokaa kwenye gia boksi ya zamani. Gasketi tukakata kutoka katoni ya sabuni. Jumamosi moja, Iddi ikiwa inakaribia mno, tukafunga bolti ya mwisho, tukarudisha mkanda kwenye puli. Watoto wa mtaa walijaa uani. Mama akakaa, akawasha, akatia gia ya kwanza, akaachia klachi.

Trekta ikaenda nyuma. Ikaingia kwenye banda la mkaa na kuangusha gunia zima. Mama akatia gia ya pili, ikaenda nyuma kwa kasi zaidi, kuku wakaruka. Ya tatu hakuijaribu. Alipotia gia ya kurudi nyuma ndipo ilipokwenda mbele, polepole, kama inayoona haya. Watoto walicheka mpaka wakalala chini, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka nao huku machozi yananitoka. Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. "Shemeji," alisema, "trekta yako inakwenda kinyumenyume."

"Inakwenda," Mama akamjibu. "Wiki iliyopita haikuwa inakwenda."

Alipoondoka Sudi alitoa wazo kwamba tukate majani hivyohivyo, kwa ile gia moja ya mbele. Mama alikataa. Kilima cha Nyamirambo hakipandwi kwa gia ya haya, alisema, na yeye hatageuza shingo yake Kiyovu nzima kwa ajili ya kutazama anakokwenda. Akainama akaanza kufungua bolti zilezile alizofunga asubuhi. Mvua ikaanza. Tukatandika turubai juu ya vichwa vyetu, Sudi akashika fimbo katikati ili maji yasijikusanye, na mimi nikaingiza mikono ndani kwa kuwa ndiyo iliyoweza kupita.

Na ndani humo, nikipangusa ukuta wa gia boksi kwa kidole, nikagusa mahali palipolainika. Upande wa kushoto kulikuwa na duara lililosuguliwa miaka mingi mpaka likang'aa. Upande wa kulia bati lilikuwa na ukakasi wake wa kiwandani. Nikamwambia Mama, gia kubwa ya difu ilikuwa inakaa huku, kushoto, si huku tulikoiweka. Tukakimbilia lile ganda la zamani, tukafuta kinyesi cha kuku. Humo alama ilikuwa kulia. Mtu na kaka yake, mmoja anatumia mkono wa kulia na mwenzake ni wa kushoto! Tulikuwa tumempachika mdogo kama kaka yake, na kila kitu kikazunguka kinyume. Mama aliitoa difu, akaigeuza upande wa pili, akairudisha. Aliutazama mkono wangu uliojaa grisi, akaubusu, akabaki na doa jeusi mdomoni.

Trekta ilikwenda mbele jioni ya siku ya mwisho ya mfungo, kwa gia zote tatu. Iliunguruma kwa sauti nzito kuliko zamani, sauti ya kaka mkubwa ndani ya mwili wa mdogo. Mama alizunguka nayo ua mara kadhaa mpaka adhana ikasikika, akazima, akafuturu palepale kwenye kiti kwa glasi ya maji aliyoletewa na Mama Asha.

Siku ya Iddi baada ya swala wazee wa ukoo walikusanyika nyumbani kwa Baba mdogo, Nyamirambo. Sisi tulipanda kilima. Mama mbele na kanga mpya ya Iddi, mimi na Sudi tumekaa kwenye kitoroli kilichofungwa nyuma, nguo safi, mafuta usoni mpaka tunameta. Aliingiza trekta uani, katikati ya viti, wazee wakavuta miguu. Hakuzima injini mpaka kila mtu alipogeuka. "Shikamooni. Iddi mubaraka," akasema. "Wanenu wamekuja kuwasalimu. Wakimaliza kula nitarudi nao nyumbani."

Wazee waliitikia marahaba. Baba mdogo aliinuka, akazunguka trekta, akainama kutazama chini. Kisha akauliza, "Nani ametengeneza hii?"

"Hawa unaotaka kuwagawa," Mama akasema.

Alibaki ameinama, mkono kwenye tairi. Nadhani ndipo aliposikia kile ambacho Mama hakuwahi kumwambia. Aliponyanyuka macho yake yalikuwa mekundu. "Leteni pilau," akawaambia wanawe, "na watoto hawa wakae hapa kwangu." Tukala naye sinia moja, akitusukumia nyama upande wetu. Neno la Kigoma na Bujumbura halikutajwa tena. Wakati wa kurudi, juu ya mteremko wetu, Mama alitia gia ya kwanza na kushuka nayo taratibu mpaka mlangoni, petroli ikaliwa itakavyo.

Sijapata furaha nyingine kama ya siku ile, na nimeolewa, nimezaa, nimejenga. Tulikaa pamoja baada ya hapo. Sudi alianza kukata majani Kiyovu siku za likizo, akawa na sauti nzito kama ile gia boksi. Mwaka wa tisini na nne, mwezi wa nne, aliuawa. Hakuwa amefikisha umri wa kunyoa ndevu. Mimi na Mama tulisalimika, na sina maneno ya kueleza kwa nini sisi na si yeye.

Siku hizi ukipita Kiyovu majani hukatwa na vijana wenye sare, na kule Nyarutarama uwanja wa gofu umelainika kama zulia. Mashine ikikataa inakuja gari na kuleta nyingine, kijana anaendelea kusikiliza muziki wake masikioni. Watoto wetu wanakula kila mmoja na sahani yake, chumbani kwake, na nikisema tutandike mkeka tule sinia moja wananiuliza nani amefariki. Sisemi enzi zetu zilikuwa bora. Zilituchukulia mengi mno. Lakini tulijua kung'ang'ania, na tulijua tunamng'ang'ania nani.

Mama yupo, anaishi nami, macho yake yamepungua. Kuna swali huniuliza, hasa Iddi zinapokaribia, akiwa amekaa barazani na mikono yake mapajani. Huniuliza kama ingekuwa heri asiwe mkaidi. Kigoma hakukuwa na mauaji. Sudi angekuwa Kigoma, angekuwa baba wa watu, angekuwa na mvi. Je, si yeye Mama aliyemzuia?

Kila mara nakaa chini mbele yake, nashika viganja vyake, namjibu. Namwambia, wa kuulizwa ni waliomuua, Mama, si aliyemshikilia. Huinamisha kichwa kama amekubali, na baada ya muda huniuliza tena. Akiniuliza kesho, nitamjibu vilevile.